Mistari Minne Kwenye Kitako cha Gunia

Jumatatu, 17 Machi

Nimempoteza mdogo wangu. Siku: Jumanne ya tarehe 11 Machi. Saa: nne na robo asubuhi. Mahali: ghala la mbolea, mlango wa pili. Kilichomuua: gunia la tani moja, lililokatika likiwa juu. Alikuwa na miaka thelathini na minne na miezi miwili.

Naandika hivi kwa sababu msibani kila mtu alinieleza kwa kuzunguka, kila mtu na saa yake, na mimi kitu kisicho na namba hakikai kichwani.

Jana meneja wa ghala alikuja nyumbani kwa wifi yangu, mjane, na ripoti ya kurasa nane. Ukurasa wa nane, mstari wa mwisho: "Chanzo: uzembe wa marehemu, aliyesimama karibu na mzigo unaoning'inia." Anataka wifi aweke sahihi kabla ya mwisho wa Mei. Alizungumza taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe aingie zizini.

Wifi hakuiangalia karatasi. Aliniangalia mimi.

"Wifi, wewe ndiye unayejua hesabu. Watoto wataisoma hii siku moja. Niambie kama kweli alizembea."

Nikamwambia asisaini. Nikamwambia nitaichambua ripoti hiyo neno kwa neno mpaka nimpate mzembe mwenyewe. Ninalo daftari, ninayo kalamu, na nina miezi miwili na nusu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Magunia 62 kwenye kamba, hakuna lililokauka.

Alhamisi, 20 Machi

Nianze na ninachokijua. Karakana yangu ni ua wenye paa la bati upande mmoja, matangi matatu ya kufulia, cherehani mbili za sindano nene, kamba kumi na nne. Nilianza miaka tisa iliyopita na cherehani moja ya kukodi, juu ya mlango uliong'oka nilioulaza kwenye matofali. Hakuna aliyenifundisha. Ghala linatuletea magunia matupu. Tunayakung'uta, tunayafua, tunayatia viraka, tunayarudisha. Mdogo wangu ndiye aliyenitafutia kazi hiyo.

Gunia la tani si la kubeba mgongoni. Ni mfuko wa plastiki iliyofumwa, mpana kama kitanda cha mtoto, ukisimama unanifika kifuani. Juu una vitanzi vinne vya mkanda mnene. Meno ya foko, ile mashine ya kunyanyulia, hupita ndani ya vitanzi na kuuinua. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa hiyo: kuvisha vitanzi kwenye meno, kurudi nyuma, kuinua mkono ili dereva aondoke.

Ripoti imejaa maneno ya watu wa ofisini. La kwanza: uzito salama wa kazi. Nimeuliza, nimejibiwa. Ni uzito ambao gunia halitakiwi kuupita, na letu limeandikwa kilo 1,000. Basi nimefurahi. Nawajua watu wa ghala, wanajaza mpaka mdomo unakataa kufungwa. Kama walipitisha elfu moja, mzembe ameshapatikana.

Jioni, kabla ya kufunga, nilipita katikati ya kamba. Magunia yananing'inia kwa vitanzi vyake vinne, midomo juu. Upepo ukiingia yanavimba polepole, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo. Nikajikuta nimesimama nasubiri yaseme. Mfuaji wangu, tunamwita Povu, akaniuliza kutoka kwenye tangi:

"Bosi, umepoteza nini huko?"

"Nahesabu."

Jumamosi, 22 Machi

Nimehesabu 63. Povu amehesabu 62. Tumerudia. Mimi 63, yeye 62.

"Labda unajihesabu na wewe, bosi. Leo umevaa nyeupe."

Tulicheka. Kisha nikahesabu tena peke yangu, nikigusa kila moja kwa kidole. Sitaandika nilipata ngapi.

Ijumaa, 28 Machi

Dereva wa foko aliyekuwa kazini siku ile anaitwa Shoto, kwa sababu anafanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Ameniletea karatasi ya mizani. Gunia lilipimwa saa nne na dakika nane: kilo 985.

Kilo kumi na tano pungufu. Nimeitazama karatasi hiyo mpaka chai ikapoa. Halikuzidi. Nimelifuta neno la kwanza kwa mstari mmoja wa rula.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Neno la pili: vitanzi. Kuna magunia huinuliwa kwa kitanzi kimoja, mengine viwili; letu ni vinne, na kila kimoja hubeba robo, kilo 250. Ukivisha viwili tu, kila kimoja kinabeba nusu, tena kwa kuvutwa upande, na nguo ya gunia inapasuka. Nikasema hapo sasa. Nikaenda kumvizia Shoto getini wakati wa kutoka.

"Ulivisha vingapi?"

"Sivishi mimi, dada. Mimi nakaa kwenye kiti. Alivisha marehemu."

"Alivisha vingapi?"

"Vinne. Vikiwa viwili gunia linalala kama mlevi, hata kipofu angeona. Nyinyi mnaofua mnadhani sisi wa foko tuna wazimu."

"Mbona huniangalii?"

Akafunga vifungo vya koti la mvua, kimoja kimoja, kwa mkono wake wa kushoto. "Mvua inaniingia machoni, dada." Tulikuwa tumesimama chini ya paa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepita kwa wifi na unga na sabuni. Mtoto wake wa kati, msichana wa miaka saba, alikuwa anafanya kazi ya shule sakafuni.

"Shangazi, uzembe ni nini?"

Wifi akaacha kufagia. Nikamwambia mtoto ni kufanya kazi bila kuangalia.

"Baba alikuwa anaangalia. Hata kamba za viatu vyangu alikuwa anaangalia mara mbili."

Ni kweli. Tangu mdogo alikuwa hivyo. Anafunga mlango, anarudi kuusukuma.

Alhamisi, 10 Aprili

Povu ameomba tuyaanike magunia yakiwa yamekunjwa, midomo chini. Nikamuuliza kwa nini, akasema yatachuruzika vizuri. Baadaye nikamsikia akiwaambia mafundi wa cherehani kuwa lile la mwisho kwenye kamba ya tisa linasimama wima hata pasipo na upepo. Nikampa ruhusa.

Jumanne, 15 Aprili

Neno la tatu ndilo nililoliogopa: mshono. Ripoti inasema gunia "liliachia sehemu ya juu". Ikiwa mshono wa kitanzi ulifumuka, basi huo ni mshono wa karakana yangu. Siku tatu nimeupita ukurasa wa sita bila kuufungua, kwa sababu ndiko kuna picha.

Leo nimefungua. Nimeziba nusu ya picha kwa kiganja, ile nusu yenye kiatu, nikatazama gunia. Mshono umeshika. Uzi wetu mweusi uko palepale, mbele na nyuma. Kilichopasuka ni nguo yenyewe, chini ya kitanzi, imechanika kwa urefu kama karatasi ya zamani.

Nimekaa nikalia kwa furaha, aibu ilinijia baadaye. Sio mshono wetu.

Picha ya pili inaonyesha kitako cha gunia. Iko michoro yetu: mistari minne ya wino mweusi. Hapa nieleze. Kila gunia likifuliwa, Povu hulichora mstari mmoja kitakoni. Likifika mistari mitano tunalikata, linakuwa turubai. Sheria hiyo niliitunga mimi. Muuza magunia aliniambia zamani kuwa gunia lililoandikwa 5:1 limejaribiwa kiwandani kwa tani tano. Hesabu iliyobaki nikaimaliza mwenyewe: linalohimili tani tano linabeba tani moja mara tano. Tano gawa kwa moja ni tano. Ghala walipoisikia waliipenda, wakaibandika ukutani kwao.

Mistari minne maana yake lilikuwa kwenye safari ya tano. Halali kabisa. Nimeandika pembeni: karakana haina kosa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua siku ya nane mfululizo. Magunia 118 ndani, chini ya paa, yananing'inia bega kwa bega. Kupita ni kuyasukuma kwa mikono, na yakishasukumwa yanarudi kukugusa mgongoni. Mafundi wameanza kupitia mlango wa nyuma. Hawajasema sababu na mimi sijauliza.

Mimi napita katikati. Nikifika kamba ya tisa nasikia harufu ya sabuni ya kunyolea aliyokuwa akipaka mdogo wangu, ilhali sisi tunafulia kwa magadi. Nimeandika kama ninavyoandika uzito: ipo, kila siku, kamba ya tisa, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Ijumaa, 2 Mei

Shoto amekuja mwenyewe karakana. Alikataa kukaa. Alisimama karibu na matangi, kofia mkononi, na Povu akaona ahamishie kazi yake upande wa pili.

"Dada, kuna kitu sikukuambia."

"Sema."

"Siku ile gunia lilipoinuka kama futi mbili, nililisikia likilia. Linalia kidogo, kama kitambaa kinapochanwa mbali. Nikasimamisha. Nikamwambia, bwana, hili silipendi, tulishushe. Akainama akalitazama kitakoni."

Nikamwambia aendelee.

"Akahesabu mistari. Akasema, 'Minne. Bado safari moja. Dada amesema tano.' Akasogea kulishika lisiyumbe, akainua mkono niondoke." Shoto akavaa kofia, akaivua. "Nimebeba hayo maneno tangu Machi. Mke wangu akasema nikuletee wewe, kwa sababu ni yako."

Nikamuuliza kama alisema hayo kwa mkaguzi wa usalama aliyekuja baada ya ajali. Alisema aliyasema kwa meneja, na meneja akamwambia si ya kuandikwa.

Alipoondoka nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kuna siku, sijui ni mwaka juzi au mwaka jana, na kutojua tarehe hiyo kunanitesa kuliko vyote, mdogo wangu alileta magunia akasimama palepale. Akauliza, "Dada, hii tano una uhakika nayo? Mbona mengine yanakuwa mepesi mkononi yakifika safari ya tatu?" Nilikuwa naandika. Sikuinua kichwa. Nikamjibu, "Kati yangu na wewe, nani alipata mia kwenye hesabu?" Akacheka. Akasema, "Haya, mwalimu." Akaondoka.

Yeye aliyekuwa anarudi kuusukuma mlango uliokwisha kufungwa. Alirudi kwangu kuusukuma, nikamwambia umefungwa.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kwa mkaguzi wa usalama kazini, mwanamke kijana mwenye miwani, ofisi ya vyumba viwili. Nilimpelekea lebo. Magunia yakifika mara ya kwanza huwa tunazikata, kwa sababu ni ngumu na zinawakwaruza mafundi mikono, tunazitupa kwenye debe. Sikuwahi kuisoma hata moja mpaka chini. Maandishi ni madogo na si ya lugha yangu, na namba nilikuwa nazijua tayari.

Nikamuuliza neno la nne: uwiano wa usalama, tano kwa moja.

"Maana yake, mama, gunia jipya, siku limetoka kiwandani, lina nguvu mara tano ya uzito ulioandikwa. Ni akiba ya usalama."

"Basi akiba hiyo unaweza kuitumia kidogo kidogo. Tani moja, tani moja, mara tano."

"Hapana. Akiba ile siyo ya kutumia. Ni ya mtikisiko, ya kona, ya foko inayoruka shimo. Na inapungua yenyewe. Jua linakula ule uzi wa plastiki. Maji, magadi, kukunjwa, vyote vinakula. Gunia linabaki linaonekana zima. Ninyi mnaanika wapi?"

"Juani. Msimu wa kiangazi siku mbili, tatu."

Akaigeuza lebo, akaweka ukucha chini kabisa, kwenye kona. "Hapa pameandikwa safari moja. La tano kwa moja hujazwa mara moja, linamwagwa, basi. Yapo ya kurudiwa, lakini hayo huandikwa sita kwa moja, na kila yakirudi lazima mtu anayejua ayakague."

Sita kwa moja. Kwa hesabu yangu, hayo ningeyapa safari sita.

"Ghala walijua?" nikamuuliza.

Alifungua jalada. Ghala lilipoagiza magunia, karatasi yao wenyewe ilisema: ya safari moja. Chini yake sahihi ya meneja. Alijua tangu siku ya kwanza. Na ile karatasi ya sheria yangu, aliyoibandika ukutani, ilikuwa na jina langu chini yake, kwa herufi kubwa. Siku zote nilidhani ni heshima.

Mkaguzi akaniuliza, "Mama, nani aliyewaambia mara tano?"

Nimefanya hesabu njia nzima kurudi. Tangu nimeanza kazi ya ghala, magunia 2,900 hivi, kila moja wastani wa safari nne. Toa ya kwanza, iliyokuwa halali. Mara elfu nane na mia saba mtu amesimama kando ya gunia ambalo halikutakiwa kuinuliwa. Nimerudia kwa njia nyingine ili nipate jibu dogo zaidi. Halikutoka.

Nilimjibu mkaguzi, "Sijui." Ndivyo nilivyosema.

Jumatano, 7 Mei

Sikufungua karakana.

Alhamisi, 8 Mei

Sikufungua.

Ijumaa, 9 Mei

Povu alikuja mlangoni. "Bosi, magunia yamekauka. Mia moja na kumi na tisa." Nikamwambia yalikuwa 118. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda kwa wifi. Njiani nilikuwa na maneno mengine: kwamba meneja alijua, kwamba lebo ilikuwa ya Kizungu, kwamba muuza magunia hakunieleza. Yote ni kweli na yote nilikuwa nimeyapanga kwa mpangilio mzuri. Nilipofika alikuwa anachambua mchele. Nikakaa chini mbele yake.

"Wifi, hakuzembea. Alilitazama gunia. Alihesabu mistari, akafuata sheria iliyowekwa. Sheria ndiyo ilikuwa mbaya."

"Sheria ya nani?"

"Yangu."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akaliweka pembeni. Akatoa jingine. Nilihesabu mawe saba.

"Alikuwa anasema," wifi akaanza, "tukigombana kwa hesabu za nyumbani, alikuwa anasema subiri nimuulize dada." Akainuka na ungo wake. "Kwa hiyo nisisaini."

"Usisaini. Naenda kwa mkaguzi kubadilisha jibu langu. Karakana wataifunga."

"Na wafunge." Alikuwa amefika mlango wa jikoni. Hakugeuka. "Wifi, usije hapa kwa muda. Nitakuita mimi. Unga tunao."

Sijui muda ni siku ngapi. Sikuuliza.

Jumanne, 13 Mei

Mkaguzi ameandika maelezo yangu upya, kurasa mbili. Nimeweka sahihi. Amesema barua ya kusimamisha magunia itapita kwa wakubwa wake, wiki moja, labda mbili. Nikamuuliza wiki mbili ni zamu ngapi. Ni zamu ishirini na nne.

Tumeyakata yote yaliyokuwa karakana, vitanzi kwanza. Mafundi walikata kamba kwa kamba. La kamba ya tisa nililikata mwenyewe. Lilikuwa jepesi, jepesi mno, nikabonyeza nguo kwa kidole gumba na kidole kikapita.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imekatika. Shoto amenipigia simu mchana. Ghala bado linainua magunia yangu. Mfungaji mpya, wa kuvisha vitanzi, aliyewekwa mlango wa pili ana wiki tatu kazini. Amefundishwa kuhesabu mistari kabla ya kuvisha. "Anahesabu vizuri sana, dada," Shoto akasema. "Haruki hata mmoja."

Nimeandika barua hii. Naiandika na hapa ili nami nibaki na nakala. Nimeipeleka kwa mkono wangu, mlinzi ameipokea saa kumi na dakika tano jioni na kuweka sahihi, naye meneja nimemwona dirishani akiisoma kwa kusimama.

"Kwa Meneja wa Ghala.

Sheria ya safari tano ni yangu na ni ya uongo. Nimekiri mbele ya mkaguzi. Karatasi uliyoibandika ukutani yenye jina langu, ibandue leo. Wewe uliagiza magunia ya safari moja, ukaweka sahihi, ukayaleta kwangu yafuliwe. Hilo utajibu kwa wanaohusika, na mimi nitakuwepo.

Sasa nina swali moja tu. Kwa daftari langu, ghalani kwako kuna magunia 312 yaliyopita kwenye matangi yangu. Yenye mstari mmoja ni 97, miwili 88, mitatu 71, minne 56. Hakuna hata moja lililo salama, na jicho haliwezi kukuambia hivyo. Usiniambie habari ya msimu, ya malori yanayosubiri, wala ya barua ya wakubwa. Zamu inaingia kesho saa moja asubuhi, wafungaji sita. Nijibu kwa maandishi kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndiyo au hapana: watu hao watavisha magunia yangu kwenye foko, au hawatavisha? Nitakuwa mlango wa pili tangu saa kumi na mbili na robo. Usiponijibu nitahesabu kuwa umesema ndiyo, na nitasimama chini ya gunia la kwanza mimi mwenyewe."